Kilio cha Miezi Tisa: Kuingia Saikolojia kwa Mlango wa Kliniki

Siku ya kliniki ya watoto kwenye zahanati ya mtaani kwetu ni Jumanne. Mwezi uliopita nilimsindikiza mdogo wangu kumpeleka mwanawe kuchanjwa surua, ile chanjo ya miezi tisa. Tulikwenda yeye, mama yetu na mimi. Muuguzi alimvalisha mtoto ile kaptula ya kitambaa, akamning'iniza kwenye mizani. Mtoto ametulia, anachezea kamba. Mara mdogo wangu akakumbuka kadi ameiacha kwenye mkoba nje, akatoka. Hakufika hata mlangoni. Mtoto alikunja uso, akamfuata mama yake kwa macho mpaka shingo ikakataa, kisha akaangua kilio kilichogeuza vichwa vya benchi zima. Muuguzi akampa biskuti, akaitupa. Nikamchukua mimi, mama yake mkubwa ambaye yeye huniona Idi hadi Idi tu, akanisukuma kifuani kwa mikono miwili. Mama yetu alipompokea, alilaza kichwa begani kwa bibi yake, akashusha kwikwi mbili tatu, kimya.

Pembeni yetu palikuwa na mama mwenye kichanga cha wiki sita. Kilipita mikononi mwa watu watatu, kikapimwa, kikarudishwa, na muda wote huo kilikuwa kinasinzia.

Nafundisha saikolojia katika chuo cha ualimu, na kila mwaka naalikwa kwenye shule za sekondari kuwaeleza wanafunzi somo hili linahusu nini. Swali la kwanza halibadiliki: "Mwalimu, ukimwangalia mtu unajua anachowaza?" Hapana, sijui. La pili hutoka kwa wale waliokwisha kusoma kidogo mtandaoni: mitazamo ya saikolojia iko mingapi, na upi ndio sahihi? Hilo linastahili jibu refu, na ningeweza ningewapakia wote kwenye basi nikawapeleke kwenye lile benchi. Kwa nini mtoto wa miezi tisa alie mama akitoka, na wa wiki sita asilie? Kwa nini biskuti ishindwe, mama mkubwa ashindwe, bibi aweze? Wanasaikolojia wamebishana juu ya kilio hicho kwa zaidi ya miaka mia moja. Ukiufuatilia ubishi wao utakutana na karibu mitazamo yote mikuu, nayo utaikuta ikijibizana, jambo ambalo orodha ya kukariri haiwezi kukuonyesha.

Kwanza neno lenyewe. Mtangazaji wa mpira husema beki ametolewa mchezoni kisaikolojia; jirani husema mtoto ameathirika kisaikolojia. Matumizi hayo yana haki yake, ila saikolojia ninayoizungumzia ni sayansi: inachunguza tabia na akili kwa ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuukagua. Kwa kawaida umri wake huhesabiwa kuanzia 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Na mtazamo ni nini? Gari likipinduka barabarani, trafiki anauliza lilikuwa mwendo gani, fundi anauliza breki zilikuwaje, daktari anauliza dereva alilala saa ngapi. Wote wanachunguza ajali ileile. Kila mmoja ana swali lake, na kila mmoja ana aina ya ushahidi anaoukubali. Mitazamo ya saikolojia inafanana na hao.

Mwaka 1920 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alichapisha kisa cha mjukuu wake aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu. Mtoto huyu alikuwa mtulivu, hata mama yake akitoka hakulia. Lakini alikuwa na mchezo wake. Alikuwa na kigurudumu cha mti cha kuzungushia uzi, kimefungwa kamba. Alikirusha ndani ya kitanda chake chenye pazia kisionekane, akatoa sauti ndefu ya "o-o-o", ambayo Freud na mama mtu walielewa kuwa ni neno la Kijerumani la "kimekwenda". Kisha akakivuta kwa kamba, na kilipojitokeza akakipokea kwa furaha: "Da!" Hiki hapa. Akarudia tena na tena.

Wengi wangeona mtoto anacheza tu. Freud aliona mtoto asiyeweza kumzuia mama kuondoka akitengeneza dunia ndogo ambamo yeye ndiye anayeamua nani aondoke na nani arudi. Hapo una mtazamo wa saikodinamiki kwa ufupi wake: tabia inayoonekana ina chanzo kisichoonekana, sehemu kubwa ya hicho kisichoonekana hata mwenyewe haijui, na mizizi yake iko utotoni. Freud alishikilia kwamba uhusiano wa mtoto na mama yake ndio kielelezo cha mapenzi yote yatakayofuata maishani. Na kwa nini mtoto ampende mama? Kwa sababu ya ziwa analonyonya. Mdomo, kwa maelezo yake, ndio mlango wa kwanza wa raha.

Tatizo la Freud wanafunzi huliona haraka, na wako sahihi. Mtoto akilia mama akitoka, tunaambiwa ana hofu ya kuachwa. Asipolia, tunaambiwa hofu ipo ila ameizamisha. Basi mtoto afanye nini ili nadharia ionekane imekosea? Dai ambalo hakuna tukio linaloweza kulipinga ni gumu kuliita la kisayansi. Hata hivyo sipendi kumwona Freud akitupwa wote kama maji ya kuoshea vyombo. Kwamba tunajijua nusu tu, na kwamba miaka ya mwanzo inaacha alama, ni mambo ambayo watafiti waliokuja na vipimo vikali zaidi hawakuyafuta.

Upande wa pili kabisa wa Freud walisimama Wamarekani. Mwaka 1913 John B. Watson alitangaza kwamba saikolojia iache kuhangaika na yaliyo ndani ya kichwa ambayo hakuna awezaye kuyaona, ishughulike na tabia: kitu gani kimetokea, kiumbe kimefanya nini, matokeo yakawa nini. Msingi aliutoa kwa Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa usagaji wa chakula. Pavlov aligundua kwamba mbwa wake walianza kutoka mate kabla nyama haijafika. Ishara iliyozoea kuitangulia nyama ilitosha. Mwaka 1920 Watson na Rosalie Rayner walimchukua mtoto wa miezi kumi na moja aliyekuwa hamwogopi panya mweupe, na kila alipomgusa panya wakagonga chuma kwa kishindo nyuma yake. Baada ya mara chache mtoto akawa analia akimwona panya peke yake. Leo jaribio hilo lisingeruhusiwa na kamati yoyote ya maadili, na ni vizuri lisiruhusiwe.

Mtazamo huu wa kitabia unaujua tayari, pengine bila kujua. Umewahi kumsikia mtu mzima akimwambia mzazi mpya, "Mwache alie, usimzoeshe mikono"? Neno *kuzoesha* ndilo kiini chake. B. F. Skinner, aliyeufikisha mtazamo huu kileleni, angeeleza hivi: mtoto analia, anabebwa, kubebwa ni tuzo, na tabia iliyopata tuzo hurudi. Mama naye ni kama ishara ya Pavlov. Amekuja mara elfu pamoja na maziwa, kwa hiyo yeye mwenyewe amegeuka kitu cha kutamaniwa. Watson alilifikisha jambo hili mbali sana. Katika kitabu chake cha malezi cha 1928 aliwashauri wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto. Kama ni lazima, busu moja la kipaji usiku wakienda kulala, na asubuhi wapeane mikono.

Ushauri huo unauma, lakini mtazamo wenyewe una nguvu ambayo hamtakiwi kuidharau. Umewafundisha watu njia za kuondoa woga uliopitiliza, hatua kwa hatua, na zinafanya kazi. Unaeleza pia kitu kinachowamaliza vijana wengi mtaani sasa hivi. Skinner aligundua kwamba tuzo inayokuja bila mpangilio, mara ipo mara haipo, ndiyo inayoing'ang'aniza tabia kuliko tuzo inayokuja kila mara. Kijana anayeweka mkeka kila wikendi, akachanika kumi na kutiki mmoja, yuko kwenye mpangilio uleule aliowawekea njiwa wake. Ukilijua hilo unaacha kumwita mjinga, unaanza kuutazama mtego.

Uzuri mwingine wa mtazamo wa kitabia ni kwamba unatabiri mambo yanayopimika. Kama mama anapendwa kwa sababu ya chakula, basi mtoto atamganda anayemlisha. Kama kubebwa ni tuzo ya kulia, basi anayebebwa sana atalia sana. Na biskuti ya muuguzi ilipaswa angalau kusaidia. Yote haya yalipimwa.

Wa kwanza kuyatikisa ni Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliwatenga watoto wa nyani na mama zao mara baada ya kuzaliwa, akawapa "mama" wawili wa bandia: mmoja wa waya mtupu, mwingine amefunikwa kitambaa laini kama taulo. Kuna watoto ambao maziwa yao yaliwekwa kwa mama wa waya mtupu. Kwa hesabu ya tuzo, hao walipaswa kumpenda mwenye maziwa. Walikwenda kwake wakanyonya, wakarudi kushinda wamemkumbatia wa kitambaa, na walipotishwa na mdoli unaopiga ngoma walimkimbilia yeye. Mateso ya nyani wale yalikuwa makubwa, wengi waliokuzwa wapweke walivurugika maisha yao yote, na nikisimulia jaribio hili darasani sisimulii kwa furaha. Ila baada yake ilikuwa vigumu kusema kwamba upendo wa mtoto ni deni la maziwa.

Kipigo kilichofuata kilitoka jirani na kwetu, na huwa nasikitika kwamba wanafunzi wetu wanalijua jina la Freud na hawakijui kisa hiki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala kumfuata mumewe aliyepata kazi ya utafiti. Kabla ya hapo alikuwa London akifanya kazi na daktari John Bowlby, na hawakukubaliana. Bowlby alikuwa amelelewa kitaaluma katika nyumba ya Freud, lakini alikuwa ameanza kuwasoma wachunguzi wa wanyama. Alisoma kazi ya Konrad Lorenz, aliyeonyesha kuwa vifaranga wa bata bukini humfuata kiumbe wa kwanza mwenye mwendo wanayemwona baada ya kuanguliwa, hata akiwa ni Lorenz mwenyewe, naye hajawalisha chochote. Bowlby akaanza kuamini kwamba mtoto wa binadamu pia amezaliwa na mfumo wa kumng'ang'ania mlezi, uliojengwa na vizazi vingi ambavyo mtoto aliyebaki peke yake porini hakupata nafasi ya kuzaa. Huo ni mtazamo wa mageuko ya viumbe: ukiiona tabia, uliza iliwasaidia vipi wahenga kubaki hai. Ainsworth hakushawishika. Kwake ilikuwa wazi kwamba mtoto anampenda mama kwa sababu mama anamtimizia mahitaji.

Kampala ilimbadilisha. Alichagua familia 26 kwenye vijiji vya pembezoni mwa mji, na kwa miezi kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi, alikwenda na mkalimani wake kukaa sebuleni na akina mama mchana, saa za kupokea wageni. Hakuwa na maabara wala vyombo. Alikuwa na daftari, na watoto wakitambaa sakafuni. Aliona mtoto akimwacha mama, anasogea kukagua kitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea, anarudi kumgusa goti, anaondoka tena. Mama alikuwa kambi ya kutokea na kurudia. Aliona watoto wakiwaganda pia watu wasiowanyonyesha kamwe: baba, bibi, kaka na dada. Na aliona kwamba watoto waliokuwa na utulivu zaidi walikuwa wa mama ambao, wakiulizwa juu ya mtoto wao, walikuwa na mengi ya kueleza, mpaka vile vitu vidogo vya leo na jana. Huko vijijini Ainsworth aliacha alichokuwa akikiamini na kukubali kwamba Bowlby alikuwa na hoja. Matokeo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967, na nadharia ya mfungamano wa mtoto na mlezi, inayofundishwa leo kila pembe ya dunia, ina msingi wake katika sebule zile za Buganda.

Miaka kumi baada ya Ainsworth kufika Kampala, watafiti wawili huko Glasgow, Uskochi, walichapisha ripoti ya watoto 60 waliofuatiliwa majumbani: karibu 4 kati ya kila 10 walimganda zaidi mtu ambaye si yeye aliyekuwa akiwalisha na kuwaosha. Sasa umeelewa kwa nini biskuti iliruka na bega la bibi likapokelewa.

Ainsworth alihamia Baltimore, Marekani, akawafuatilia watoto wengine tangu kuzaliwa, na mwaka 1972 yeye na Silvia Bell walitoa matokeo juu ya ule ushauri wa "usimzoeshe mikono". Watoto ambao vilio vyao viliitikiwa haraka katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi kuelekea mwisho wa mwaka, kinyume na utabiri. Wanatabia, yaani wafuasi wa mtazamo wa kitabia, hawakunyamaza, walihoji namna kilio kilivyohesabiwa, na ubishi ukaendelea majaridani kwa miaka. Nalitaja hilo kwa makusudi. Vitabu vya shule huandika kana kwamba mtazamo mmoja ulifariki, mwingine ukarithi kiti. Wanatabia wapo mpaka leo na wana kazi nyingi nzuri.

Lakini hatujamgusa mtoto wa wiki sita. Maziwa hayaelezi, mageuko nayo kwa yenyewe hayatoshi. Ikiwa kumlilia mlezi kunaokoa maisha, mbona kilio hiki kinasubiri miezi saba, minane?

Hapa ndipo mtazamo wa utambuzi unapoingia, ule unaouliza akili inachukuaje habari, inazihifadhi vipi na inazitumiaje. Jean Piaget wa Uswisi alifanya majaribio mengi kwa watoto wake watatu wa kuzaa. Unaweza kulirudia mojawapo nyumbani leo. Mwonyeshe mtoto wa miezi mitano kitu anachokipenda, funguo kwa mfano, kisha kifunike na khanga mbele ya macho yake. Mara nyingi anaachana nacho, kana kwamba hakijawahi kuwepo. Fanya hivyo kwa wa miezi tisa: anaivuta khanga. Piaget alisema katikati hapo mtoto amejua kwamba kitu kinaendelea kuwepo hata kisipoonekana. Watafiti wa miaka ya 1980, hasa Renée Baillargeon, walitumia muda ambao mtoto anautumia kukodolea macho tukio lisilowezekana, wakaonyesha kwamba ujuzi huo huanza mapema kuliko Piaget alivyodhani. Hata hivyo hoja inabaki. Ili umlilie aliyeondoka, lazima uwe na picha yake kichwani baada ya kuondoka. Kichanga cha wiki sita hakina mtu kinayemkosa. Mtoto wa mdogo wangu anajua mama yupo mahali fulani na hayupo hapa, na tofauti hiyo ndiyo inayoliza.

Bowlby aliichukua hoja hiyo akaiendeleza: kadiri mtoto anavyojibiwa au kupuuzwa, anajijengea matarajio kichwani. Watu huja nikiita? Mimi ni wa kuitikiwa? Matarajio hayo huenda naye shuleni. Ukiwa kidato cha tatu na rafiki yako hajajibu ujumbe tangu asubuhi, wewe unawaza nini kwanza: simu imeisha chaji, au nimemuudhi? Mwanasaikolojia wa utambuzi anaanzia hapo hapo, kwenye tafsiri uliyoifanya kabla hujahisi kitu.

Mtazamo wa kibiolojia nitaupitia kwa haraka, ingawa ndio wenye fedha nyingi za utafiti siku hizi. Unauliza mwilini kunatokea nini. Homoni ya oksitosini, inayosukuma uchungu wa uzazi na kushusha maziwa, inahusika pia katika ukaribu wa mama na mtoto. Huko Montreal, Kanada, Michael Meaney na wenzake waligundua kwamba watoto wa panya waliolambwa sana na mama zao hukua wakiwa watulivu zaidi mbele ya misukosuko, na ukiwabadilisha mama siku ya kuzaliwa, mtoto hufuata malezi ya aliyemlea. Kulambwa kule hubadilisha namna jeni fulani zinavyowashwa na kuzimwa. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama tabia ni damu au malezi, mwambie malezi yenyewe yanaingia mpaka kwenye jeni.

Kwa binadamu ushahidi mzito ulitoka Romania. Baada ya utawala wa rais Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, dunia iliona vituo vilivyojaa watoto wanaolishwa na kubadilishwa nepi bila mtu wa kuwabeba. Kuanzia 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kwenye familia za kuwalea. Waliopata familia kabla ya kufikisha miaka miwili walipona zaidi, katika uwezo wa akili, katika mfungamano, na hata katika umeme wa ubongo uliopimwa kichwani. Chakula walikuwa wakikipata tangu mwanzo.

Kuna mtazamo mmoja ambao wanafunzi huupenda sana na mimi hubaki na mashaka nao: mtazamo wa kiutu. Abraham Maslow, yule wa piramidi ya mahitaji inayobandikwa kwenye kila semina ya uongozi, alianza kama mwanafunzi wa Harlow, akichunguza nyani, na aliuamini mtazamo wa kitabia mpaka alipopata mtoto wake wa kwanza. Alisema baadaye kwamba aliyewahi kupata mtoto hawezi kubaki mwanatabia. Yeye na Carl Rogers waliona wenzao wamemfanya binadamu kuwa ama mgonjwa wa Freud ama panya wa Skinner, wakauliza mtu anahitaji nini ili achanue. Jibu la Rogers ni kukubaliwa bila masharti: mtoto ajue anapendwa hata siku aliyoshika mkia darasani. Mashaka yangu ni kwamba mengi wanayoyasema ni magumu kupima, na mpangilio wa ile piramidi haukutokana na majaribio. Lakini katika chumba cha ushauri nasaha, nikiwa nimekaa na binti aliyefeli na anaogopa kurudi nyumbani, ni Rogers ninayemtumia kuliko wote.

Tuje kwenye bega la bibi. Ainsworth aligeuza alichokiona Kampala kuwa jaribio la dakika 20 hivi huko Marekani: mtoto wa mwaka mmoja na mama wanaingia chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea, mgeni anaingia, mama anatoka, anarudi, na mtafiti anaangalia hasa mtoto anampokeaje anaporudi. Anayemkimbilia, akabembelezwa na kurudi kucheza, aliitwa mwenye mfungamano salama. Wengine humkwepa mama, wengine humng'ang'ania huku wamekasirika. Jaribio likasambaa duniani. Kaskazini mwa Ujerumani, katika mji wa Bielefeld, karibu nusu ya watoto walionekana wakwepaji. Sapporo, Japani, watoto wengi walilia kiasi kwamba sehemu za jaribio zilikatishwa. Je, Wajerumani ni wazazi baridi na Wajapani wanawadekeza watoto? Mtazamo wa kijamii na kiutamaduni unasema simama kwanza. Mtoto aliyefundishwa mapema kujitegemea na mtoto ambaye hajawahi kuachwa peke yake hata dakika tano hawafanyi mtihani mmoja, ingawa chumba ni kilekile. Uchambuzi wa mwaka 1988 uliokusanya tafiti 32 kutoka nchi 8 uliongeza jambo la kutuliza haraka yetu: tofauti ndani ya nchi moja zilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya nchi na nchi.

Na sisi je? Katika msitu wa Ituri, Kongo, watafiti waliokaa na Waefe, jamii ya wawindaji wa msitu huo, miaka ya 1980 walikuta kichanga kikipita mikononi mwa watu wengi, hata kunyonyeshwa na wanawake wengine, na kikifika miezi minne zaidi ya nusu ya siku kinakuwa na asiyekuwa mama yake. Bado watoto hao walimjua mama na kumtaka yeye walipokua kidogo. Kisii, Kenya, Robert LeVine na wenzake walikuta miaka ya 1970 kwamba mama Mgusii hamtazami mtoto machoni sana wala haongei naye sana, ila akilia anamfikia upesi na kumweka mwilini. Akina mama hao walipoonyeshwa video za wenzao wa Marekani, walishangaa mtoto analia na mama bado yuko mbali. Mtaalamu aliyesoma kitabu kimoja tu angewaandika akina mama wa Kisii kwamba hawaitikii watoto wao vya kutosha, kwa sababu kitabu chake kinahesabu maneno na macho.

Hili linaniuma. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walitoa makala wakionyesha kwamba asilimia 96 ya waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Ukisoma "watoto hufanya hivi", uliza ni watoto wa wapi. Ukisoma "mama na mtoto", kumbuka nyumba uliyokulia ilikuwa na watu wangapi, na ni nani aliyekuwa akikubeba mama akiwa shamba au sokoni.

Mwanafunzi mmoja aliniambia basi jibu ni kuichanganya mitazamo yote. Nilimkatalia kwa upole. Kuna mahali inagongana kweli: ama kumbeba mtoto anayelia kunaongeza kilio, ama kunakipunguza, na hapo lazima mmoja akubali kushindwa na ushahidi. Kuna mahali haigongani kabisa, kwa sababu oksitosini na picha ya mama kichwani ni majibu ya maswali mawili. Kazi yako, ukiusoma mtazamo wowote, ni kujua hapo uko mahali pa aina gani.

Kama zahanati yenu ina siku ya watoto, omba ruhusa ukae kwenye benchi saa moja na daftari. Usiandike majina. Andika umri wa mtoto kwa miezi, nani alimpokea mama alipoondoka, alilia au hakulia, na nini kilimnyamazisha. Yule wa wiki sita tuliyekaa naye atarudi kwa chanjo ya surua baada ya miezi saba na kitu. Mama yake aliniuliza, akicheka, kama na huyu atakuwa mlizi. Nilimwuliza nyumbani wanaishi na nani.